Chemsha bongo mezani: jinsi ya kutega bila kuudhi watu

Swali: Mwalimu, hujambo? Nafanya kazi kwenye ghala moja huku Industrial Area. Saa saba tukikaa kula huwa nawatupia wenzangu chemsha bongo, maana napenda sana kuona watu wakikuna vichwa. Lakini siku hizi mambo yanaharibika. Kuna kijana mmoja mwepesi ajabu, hujibu kabla wengine hawajalielewa swali. Wengine hutoa simu na kutafuta jibu. Na wiki iliyopita nilitega lile la watu watatu na shilingi mia iliyopotea, tukabishana mpaka mzee mmoja tunayemheshimu akaondoka mezani, akisema namfanya mjinga mbele ya watoto. Nyumbani nako wapwa zangu wawili, wa gredi ya nne na ya saba, wananidai mafumbo kila jioni na yangu yameisha. Nifanyeje? – Dada wa Umoja

Jibu: Dada yangu, mimi sijambo. Nianze na mzee, kwa sababu hayo mengine yanaweza kungoja.

Kwa wasomaji ambao hawajakutana na fumbo lenyewe, linakwenda hivi. Wasafiri watatu wanafika kwenye gesti, wanaambiwa chumba ni shilingi 3,000. Kila mmoja anatoa noti ya elfu. Baadaye mwenye gesti anakumbuka kwamba chumba kile ni 2,500, anampa mhudumu 500 awarudishie. Mhudumu anajiuliza mia tano ataigawaje kwa watu watatu, basi anatia 200 mfukoni na kumrudishia kila msafiri 100. Kwa hiyo kila msafiri amelipa 900. Mara tatu ni 2,700. Ongeza 200 za mhudumu, unapata 2,900. Mia moja imekwenda wapi?

Haikwenda popote. Zile 2,700 walizolipa ndizo 2,500 za mwenye gesti pamoja na 200 za mhudumu. Hizo 200 zimo ndani tayari, na kuziongeza tena ni kuzihesabu mara mbili. Ukitaka kufika 3,000, unachoongeza kwenye 2,700 ni zile 300 zilizorudi mikononi mwa wasafiri.

Lakini kuwaeleza hivyo watu waliokwisha kupandisha sauti ni kazi bure. Kusanya vizibo 30 vya soda, kila kimoja ni shilingi mia. Watu watatu washike kumi kumi, wamkabidhi atakayekuwa mwenye gesti. Mwenye gesti atoe vitano, ampe mhudumu. Mhudumu atie viwili mfukoni, agawe vitatu. Sasa kila mtu aweke vyake mezani mbele yake. Mwenye gesti ana 25, mhudumu ana 2, wasafiri wana kimoja kimoja. Ni 30 kamili. Hapo ubishi huisha wenyewe, kwa sababu kila kizibo kina mwenyewe na hakuna mia inayozurura. Ukitaka kuwaonyesha waliteleza wapi, waulize swali moja tu: vile viwili vya mhudumu vilitoka kwenye vizibo vya nani? Wakijibu "vya wasafiri", wamemaliza.

Sasa kwa nini mzee aliudhika? Mafumbo hayafanani. Kuna fumbo la hatua, ambalo mtu mvumilivu atalimaliza akiwa na karatasi na kalamu. Kuna fumbo la kung'amua, ambalo hukaa limefungwa halafu ghafla linafunguka. Na kuna fumbo la hila, ambalo nguvu yake yote iko kwenye ulimi wa mtegaji. Hili la shilingi mia ni la hila. Aliyesema "ongeza 200" ni wewe, dada, na mzee aliongeza kwa sababu alikuamini. Mtu ambaye ameweka hesabu za nyumba yake, za chama na za michango ya harusi na matanga kwa miaka mingi, anaambiwa mbele ya vijana kwamba hajui kujumlisha. Mimi namwelewa kabisa.

Fumbo la hila lina utamu wake, ila ni la marika wanaotaniana, watu waliokubali mapema kwamba leo tunategeana mitego. Mbele ya mtu mnayemheshimu, mfanye awe upande wako. Mwonyeshe fumbo pembeni kabla ya chakula, kisha yeye ndiye awe mwenye gesti anayeshika vizibo. Na kwa sasa nenda kamsalimie, umwombe radhi bila hadhira, umwambie ungependa siku moja ategee yeye. Wazee wengi wamebeba vitendawili vya kwao ambavyo hakuna mtu aliyewauliza kwa miaka. Mwachie zamu hiyo.

Nikitaja vitendawili, kuna jambo ndani yake ambalo nadhani meza yenu inalihitaji kuliko kitu kingine chochote. Unajua utaratibu wake. "Kitendawili!" "Tega!" "Nyumba yangu haina mlango." Watu wanabahatisha, wanakosa, mtegaji anasema: "Nipe mji." Anapewa Mombasa, pengine anaikataa, anataka mwingine. Anapewa Kisumu, anaupokea, anasimulia kidogo jinsi alivyofika Kisumu akapokewa vizuri, akala akashiba, ndipo anasema: ni yai.

Angalia kilichofanyika hapo. Aliyeshindwa hakuachwa ameinama. Alilipa kitu, kitu cha kubuni kinachochekesha, na malipo hayo yakampa haki ya kupata jibu. Tena jibu haliwezi kutoka kabla mji haujalipwa, kwa hiyo kuna kipindi kirefu ambacho watu wote wanafikiri na hakuna mwenye ruhusa ya kukiharibu. Kazi yako kubwa wewe mtegaji ni kukilinda kipindi hicho. Watu wengi wanaopenda mafumbo wanadhani kazi yao ni kuwa na jibu. Kama wenzako watafurahia au watachukia, hilo huamuliwa na dakika zilizo kati ya swali na jibu, na nani anazishika. Rudisheni "nipe mji" mezani, hata kwa mafumbo ya mantiki. Mkitaka mpeane mitaa ya hapa Nairobi: nakupa Buruburu, nakupa Kawangware. Ukipewa Karen, ikatae kwanza uombe nyingine. Utashangaa jinsi watu wazima wanavyolegea.

Huyo kijana mwepesi usimzime. Ana kipaji, na kumwambia anyamaze kila siku kutamfanya ale peke yake. Kwa sasa, jibu likishasemwa mchezo umekwisha, basi wa kwanza anawanyima wote. Badilisheni sheria: anayepata jibu haongei, analiandika kwenye kikaratasi na kukupa wewe, nawe unamwitikia kwa kichwa. Halafu unampa kazi ya pili ambayo ni ngumu kuliko ya kwanza, nayo ni kuthibitisha kwamba haiwezekani kufanya vizuri zaidi ya hapo.

Nikupe mfano ambao nautumia sana. Una sarafu 9 zinazofanana kabisa, moja ni bandia na ni nyepesi kidogo kuliko zingine. Una mizani ya sahani mbili, huna mawe ya kupimia. Ipate ile bandia kwa kupima mara mbili tu.

Wengi huanza kwa kuweka nne huku na nne kule, kwa sababu akili hupenda nusu kwa nusu. Mizani ikilala upande mmoja, umebaki na nne na nafasi moja ya kupima, na haitoshi. Njia ni tatu kwa tatu, tatu zingine zikae pembeni. Upande ukipanda, bandia imo humo. Mizani ikilingana, imo kwenye zile za pembeni. Vyovyote vile umebaki na tatu. Pima moja dhidi ya nyingine, ya tatu ikae pembeni, umemaliza.

Kijana wako ataliona hilo kabla hajafungua chombo chake cha chakula. Sasa muulize: je, ingewezekana na sarafu 10, kwa kupima mara mbili zile zile? Hapo atajaribu, atakwama, na usimsaidie haraka. Jibu ni kwamba haiwezekani, na sababu yake ni nzuri kuliko fumbo lenyewe. Kila ukipima, mizani ina mambo matatu tu ya kukuambia: kushoto kumepanda, kulia kumepanda, au pamelingana. Ukipima mara mbili, taarifa zote unazoweza kupata ni tatu mara tatu, yaani 9. Taarifa 9 haziwezi kutofautisha sarafu 10. Kwa kupima mara tatu unapata 27, kwa hiyo unaweza kushughulikia hadi sarafu 27. Mtu akiliona hilo mwenyewe ameacha kubahatisha, ameanza kujua mipaka ya kinachowezekana. Uso wa mtu hubadilika kabisa wakati huo, na ni sababu kubwa ya mimi kupenda kazi hii.

Akilimaliza, mpe kaka mkubwa wa fumbo hilo: sarafu 12, moja ni bandia, lakini hujui kama ni nzito au nyepesi. Kwa kupima mara tatu, itaje na useme ni nzito au ni nyepesi. Fumbo hili lilienea sana katika miaka ya 1940 na bado linatesa watu. Kuna mambo 24 yanayowezekana, sarafu 12 mara mbili, na taarifa 27 za mizani, kwa hiyo nafasi ipo lakini ni finyu sana. Hatua ya kwanza ni nne kwa nne. Akikwama, mnong'onezee hivi tu: sarafu ambazo umekwisha kujua ni nzima, unaweza kuzitumia kama mawe ya mizani. Usiongeze neno. Litamshughulisha siku kadhaa, na wenzake watakula kwa amani.

Kuhusu simu, kukataza hakufiki mbali. Zamani ilitosha kubadilisha hadithi ili mtu asiipate kwa kutafuta maneno, lakini sasa kuna programu za akili mnemba zinazojibu hata fumbo ulilolibadilisha. Mimi nina sheria moja tu: anayeleta jibu la simu alieleze kwa meza nzima huku simu imelala kifudifudi, na ajibu maswali. Akiweza, amelielewa na amestahili. Asipoweza, fumbo liko wazi bado. Kisha penda mafumbo ya mikono, ya vizibo, vijiti vya kiberiti, vikombe na karatasi za kukunja. Mikono ikiwa kazini, simu husahaulika.

Lakini kubadilisha hadithi kuna faida nyingine kubwa, na hapa naomba uvumilie kidogo. Mwaka 1966 mwanasaikolojia wa Uingereza, Peter Wason, alitunga jaribio la kadi nne. Kila kadi ina herufi upande mmoja na nambari upande wa pili. Mezani unaona E, K, 4 na 7. Kuna kanuni: kadi yenye irabu upande mmoja ina nambari shufwa upande wa pili. Ni kadi zipi lazima uzigeuze ili kujua kama kanuni inafuatwa? Jaribu kabla hujaendelea kusoma.

Wengi husema E na 4. Sahihi ni E na 7. Kugeuza 4 hakukuambii kitu, maana kanuni haikusema kwamba shufwa lazima iwe na irabu. Lakini 7 ikiwa na irabu nyuma, kanuni imevunjika. Katika majaribio ya mwanzo hata mmoja kati ya kumi hakupata.

Sasa livalishe fumbo hilo nguo nyingine. Uko kwenye baa, na sheria ya Kenya inasema anayekunywa pombe lazima awe ametimiza miaka 18. Mezani kuna watu wanne: mmoja anakunywa bia, mmoja anakunywa soda, mmoja unajua ana miaka 25, mmoja unajua ana 16. Utamkagua nani? Bila kufikiri utasema mwenye bia na mwenye miaka 16. Mwenye soda humwulizi umri, na wa miaka 25 hujali anakunywa nini. Ni fumbo lile lile, kadi kwa kadi. Watafiti Richard Griggs na James Cox walilitega kwa sura ya bia mwaka 1982 huko Florida, Marekani, na takriban robo tatu ya watu wakalipata.

Kwa hiyo mtu akikwama kwenye fumbo lako, usikimbilie kudhani kichwa chake hakifanyi kazi. Pengine ni fumbo lililovaa nguo za kigeni. Mwenzako wa ghala anayekosa kadi za herufi atalipata mara moja ukiligeuza kuwa mizigo na risiti: kila sanduku lenye kibandiko chekundu lazima liwe na risiti ya kodi. Utafungua yapi? Kisha, na hii ndiyo sehemu tamu, mrudishe kwenye kadi za E na 7 umwonyeshe kwamba ni kitu kile kile. Ukilitega toleo gumu kwanza, watu wanajiona wajinga. Ukianza na la mizigo, wanaona wamepanda ngazi.

Sasa ubishi. Mabishano mengi ya mafumbo hayatokani na ukaidi, yanatokana na mtegaji kuacha sharti moja bila kulisema. Mfano maarufu kuliko yote ni ule wa milango mitatu. Nyuma ya mlango mmoja kuna gari, nyuma ya miwili kuna mbuzi. Unachagua mmoja. Mwendeshaji wa mchezo, anayejua gari liko wapi, anafungua mwingine na kukuonyesha mbuzi, kisha anakuuliza: unabaki na wako au unabadilisha? Mwaka 1990 Marilyn vos Savant, aliyekuwa akijibu maswali ya wasomaji katika jarida la Parade la Marekani, alisema badilisha, maana nafasi yako ya kushinda inakuwa mbili kwa tatu. Alipokea barua karibu 10,000, na karibu 1,000 kati ya hizo zilitoka kwa watu wenye shahada ya uzamifu. Wengi walimwambia amekosea, baadhi kwa maneno makali. Alikuwa sahihi. Paul Erdős, mmoja wa wanahisabati wakubwa wa karne ya 20, naye hakukubali mpaka alipoonyeshwa matokeo ya kompyuta iliyorudia mchezo huo mara nyingi.

Msimulie mzee wako habari hii kabla hujatega fumbo lolote lenye ubishi. Mtu akijua kwamba maprofesa walikosea hadharani, kukosea mezani hakumwumi.

Kisha usilijadili, lichezeni. Vikombe vitatu vya plastiki, peremende moja chini ya kimojawapo. Wewe ndiwe unayejua iko wapi. Mwenzako anachagua, unafunua kikombe kitupu kati ya viwili vilivyobaki, anaamua. Mmoja acheze raundi 30 bila kubadilisha kamwe, mwingine 30 akibadilisha kila mara, na mtu wa tatu aandike. Asiyebadilisha atashinda karibu 10, anayebadilisha karibu 20, zitapungua au kuzidi kidogo. Na katikati ya mchezo mtu atapiga meza aseme: "Ah, kumbe nikichagua kibaya mwanzoni, wewe huna la kufanya ila kuniachia kizuri!" Ndivyo ilivyo. Mwanzoni unachagua kibaya mara mbili kwa tatu, na kila mara hiyo kubadilisha kunakupa peremende.

Sharti linaloachwa ni lile la kwamba mwendeshaji anajua na kila mara hufunua kitupu. Ukimwachia afunue kwa kubahatisha, na kwa bahati tu kikawa kitupu, basi kubadilisha na kubaki ni sawasawa, nusu kwa nusu. Maneno matatu ya hadithi yanageuza jibu zima. Kwa hiyo kabla hujatega fumbo lolote, jisomee kimya na ujiulize msikilizaji angeweza kulielewa kwa njia ngapi. Nami nina mazoea ya kumtegea mtu mmoja kwanza, mara nyingi jirani, kabla sijalipeleka kwa kundi. Maswali yake yananionyesha nilipoacha mwanya.

Upande wa pili wa jambo hilo ni masharti ambayo watu hujiwekea wenyewe. Chukua lile la pwani la chui, mbuzi na majani. Mtu anavuka mto kwa mtumbwi unaombeba yeye na kitu kimoja tu. Akiwaacha chui na mbuzi peke yao, mbuzi analiwa. Akiwaacha mbuzi na majani, majani yanaliwa. Fumbo hili ni la zamani mno. Huko Ulaya limo katika mkusanyo wa Kilatini unaohusishwa na mwalimu Alcuin, aliyefariki mwaka 804, akiwa na mbwamwitu, mbuzi na kabichi. Watu hukwama kwenye safari ya pili kwa sababu wameamua kimoyomoyo kwamba kitu kikishavuka hakirudi. Hakuna aliyesema hivyo. Mbuzi anavuka, anarudi, anavuka tena, na kazi inakwisha kwa kuvuka mara saba. Mtu akikwama hapo, kidokezo kizuri ni swali: "Nani amekukataza kurudi na kitu?" Kidokezo cha namna hiyo kinamwondolea kizuizi na kumwachia njia aitembee mwenyewe. Ukimwambia "mrudishe mbuzi", umemnyang'anya.

Nimefika kwa wapwa zako, na hawa ndio wananifurahisha zaidi.

Wa gredi ya nne mpe hili: daftari na kalamu kwa pamoja ni shilingi 110, daftari linazidi kalamu kwa shilingi 100. Kalamu ni bei gani? Atasema 10. Usimwambie amekosa. Mwambie aende dukani kichwani mwake: kama kalamu ni 10, daftari ni ngapi? 110. Jumla? 120! Atajirekebisha mwenyewe na kufika shilingi 5. Swali la aina hii ni la Shane Frederick, aliyelichapisha mwaka 2005 katika jaribio fupi la kupima kama mtu hulikagua jibu la kwanza linalomjia, na hata wanafunzi wa vyuo vikuu vikubwa vya Marekani hulikosa. Faida yake kwa mtoto ni hayo mazoea ya kulirudisha jibu kwenye swali kuona kama linakaa.

Wa gredi ya saba mpe la daraja. Stima imepotea, watu wanne wanataka kuvuka daraja la miguu usiku wakiwa na tochi moja. Daraja linabeba wawili kwa wakati mmoja na tochi lazima iwepo kila safari. Mmoja huvuka kwa dakika 1, wa pili 2, wa tatu 5, wa nne 10, na wawili wakivuka pamoja huenda kwa mwendo wa yule wa polepole. Atapanga yule wa haraka awasindikize wote mmoja mmoja, apate 19. Msifu, maana si jambo dogo, kisha mwulize kama anaweza kuokoa dakika mbili. Akichoka, mwulize kwa nini wale wawili wa polepole walipe kila mmoja safari yake. Wa 1 na wa 2 wavuke, wa 1 arudishe tochi, wa 5 na wa 10 wavuke pamoja, wa 2 arudishe, kisha wa 1 na wa 2 wavuke. Ni 17.

Lakini unasema yako yameisha. Dada, hutaweza kununua vitabu vya kutosha, ingawa kwa wauza vitabu vya mitumba mjini ukiona jina la Martin Gardner au Raymond Smullyan, chukua bila kusita. Gardner aliandika safu ya michezo ya hisabati katika jarida la Scientific American kwa takriban robo karne kuanzia miaka ya 1950, na Smullyan, mwanamantiki aliyefariki mwaka 2017, ndiye aliyeyapa umaarufu mafumbo ya watu wanaosema kweli daima na waongo wa daima. Kutoka kwa Smullyan unaweza kupata kiwanda cha nyumbani.

Waambie wapwa wako hivi. Kuna watu wawili, Aziza na Baraka. Kila mmoja ama husema kweli daima au hudanganya daima. Aziza anasema: "Sisi wote wawili ni waongo." Nani ni nani? Kama Aziza ni mkweli, basi ni mwongo, jambo lisilowezekana. Kwa hiyo ni mwongo, alichosema si kweli, na Baraka ni mkweli. Wakilipata, usitafute fumbo jingine. Waambie wabadilishe sentensi ya Aziza wenyewe, wakuletee.

Mmoja atakuja na "Angalau mmoja wetu ni mwongo." Jibu linageuka: Aziza mkweli, Baraka mwongo. Mwingine, na huwa ndiye mdogo, atakuja na "Mimi ni mwongo." Mwache agundue kwamba hakuna anayeweza kusema hivyo, mkweli wala mwongo, kwa hiyo hilo si fumbo, ni mlango uliopakwa rangi ukutani. Kisha wape wewe hii: Aziza anasema, "Mimi na Baraka ni wa aina moja." Wakilichambua wataona kitu cha ajabu: Baraka lazima awe mkweli, Aziza awe mkweli au mwongo, lakini Aziza mwenyewe hatujui ni nani. Fumbo lina majibu mawili, na mtegaji makini hawezi kulipeleka kwa watu likiwa hivyo.

Hapo watakuuliza wafanye nini. Waambie wampe Baraka sentensi yake, moja tu, itakayofanya jibu libaki moja. "Aziza ni mwongo" inatosha, na "Aziza ni mkweli" inatosha pia, kila moja kwa jibu lake. Zipo sentensi ambazo hazitasaidia hata kidogo, kwa mfano "Mimi ni mkweli", ambayo kila mtu angeisema. Wape karatasi na waache wajaribu zao kadhaa kabla hujawaonyesha ya kwako, na ile watakayoichagua ndiyo uipeleke ghalani siku inayofuata, useme nani aliitunga.